Leo Tumempokea Asiyesafiri

Gazi, Jumapili, jioni. Mvua ya vuli imetutishia tangu asubuhi. Imekusanya mawingu, imenguruma upande wa Msambweni, halafu ikaenda zake kama mteja aliyekuja kuuliza bei tu.

Nami niko vivyo hivyo. Nimejaa, sinyeshi.

Wanaonisoma siku zote wananijua. Kwa mgeni nijitambulishe. Mimi ni mtu wa ngamia pale ufuoni Diani. Ngamia wangu anaitwa Helga, na mgongoni mwake wamepanda watu wa mataifa ambayo wengine mnayaonea kwenye ramani. Shule iliniacha darasa la saba, au mimi ndiye niliyeiacha, hatujawahi kuafikiana. Lakini Kijerumani nakisema, Kitaliano nakiimba, na Kipolandi nakitukania. Mtalii akiniuliza kama nimewahi kufika kwao, humjibu nimefika, tena namtajia mtaa. Mitaa wamenitajia wenzake, kazi yangu mimi ni kukumbuka.

Leo sina la kuchekesha. Mdomo unachekesha wenyewe kwa mazoea, kama feni inavyoendelea kuzunguka kidogo baada ya stima kupotea.

Nataka kuandika habari za Mejumaa.

Mejumaa ni mpwa wangu, binti wa dadangu Saumu. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuja sikukuu na soda. Mtoto wa dada ni wako. Akifaulu ni wako, akikwama ni wako zaidi. Huyu alifaulu. Alisoma sheria mpaka akavaa joho, akaapishwa uwakili, akarudi kufanya kazi kwenye ofisi ndogo ya mawakili huko Kombani, juu ya duka la mbolea. Wateja wake walikuwa wakulima wenye kesi za mashamba, watu wa kumletea embe pale alipoomba makaratasi.

Mwaka jana akaanza kusema anataka kusoma zaidi, shahada ya uzamili, ng'ambo. Nikamwambia ng'ambo naijua, niulize mimi. Akacheka, akaniuliza. Nikamweleza habari za theluji, treni na jibini. Masomo yenyewe nilidhani mtu huitwa tu, kama harusi. Kumbe sivyo. Unatafuta chuo, unatafuta na wa kukufadhili, na hao wawili hawajuani. Unaandika insha ya kueleza wewe ni nani na kwa nini wewe. Walimu wako wa zamani wanatakiwa waandike kukusifu; ukiwafuata sana wanachukia, usipowafuata wanasahau. Halafu unafanyishwa mtihani wa Kiingereza, mtu ambaye kila wiki anasimama mbele ya hakimu na Kiingereza hicho hicho.

Mwisho ni mahojiano kwa video. Mtandao wa Gazi hutegemea upepo, kwa hivyo nikamtafutia chumba Diani, kwenye hoteli ambayo meneja wake ananiheshimu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro ya ufuoni. Maprofesa walimwona Mejumaa na mtandio wake mzuri, nyuma yake magodoro ya buluu yamepangwa mpaka juu, labda wakadhani ni bahari. Mimi nilisimama mlangoni nizuie watu, Helga nimemfunga kwenye mnazi. Nikamsikia Mejumaa akiulizwa kwa nini sheria ya ardhi, na kwa nini aifuate mbali hivyo. Akajibu polepole kwamba kwao kuna watu wanaolima pale pale walipozikwa nyanya zao, na hakuna karatasi hata moja inayowajua, na kila akienda nao mahakamani huambiwa walete karatasi. Akasema anatafuta sheria yenye macho ya kuwaona.

Kiingereza changu ni cha ngamia, lakini hilo nililielewa.

Akapata. Nafasi na ufadhili, ada, nauli, chumba cha kulala, vyote.

Sasa hapa ndipo nilipoingia mimi.

Ilikuwa imebaki viza. Mejumaa alisema tungoje viza ndipo tuage. Nikamwambia viza ni muhuri tu, mtu aliyeitwa na maprofesa atazuiwa na karani? Kwetu kuaga si kupunga mkono. Mwenye safari huzunguka kwa wazee nyumba kwa nyumba kutaka radhi, na radhi ya mjomba ndiyo mlango. Mimi nikatoa yangu mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, Maalim Hamisi wa madrasa akamsomea dua ya msafiri. Akina mama wa Gazi kila mmoja alimpa leso, mpaka sanduku likakataa kufungwa. Mimi nilimpa koti la baridi, koti hasa, lenye manyoya ndani, ambalo mama mmoja wa Kipolandi alishuka nalo kwenye ndege Ukunda, akaapa halivai tena, akaniachia. Lilikaa kwangu miaka likimngojea mtu wa kwetu mwenye safari.

Nikatoa na hotuba. Nilisema mengi. Nilisema akirudi atakuwa jaji.

Haikupita muda ubalozi ukamkatalia. Ubalozi wa nchi gani sisemi, nisije nikawaharibia wengine.

Hawakusema hana akili, wala hana wa kumlipia. Walisema hawakuridhika kwamba akimaliza masomo atarudi kwao. Hana mume, hana mtoto, hana nyumba wala shamba kwa jina lake. Ni kweli hana. Shamba la kwetu halina jina la mtu, ni la ukoo, linapita upande wa mama tangu huko nyuma. Ndilo hilo hilo alilokuwa anakwenda kulisomea.

Mejumaa alitusomea majibu hayo kwenye simu akiwa amesimama ukumbini, kwa sauti ya kusoma hukumu ya mtu mwingine. Akazima simu, akaingia chumbani.

Mimi nilingoja nisikie kitu. Hasira, huzuni, aibu, chochote. Hakikuja. Nikapanda pikipiki mpaka Diani kumnywesha Helga maji, na Helga alikuwa ameshanyweshwa.

Mpaka leo mchana kilikuwa hakijaja.

Chuo kilimwandikia kwa upole. Nafasi yake na ufadhili vitamngojea mpaka mwakani, mradi athibitishe mwenyewe kwamba bado anataka, ili maombi mapya ya viza yaanze mapema. Siku ya mwisho ya kujibu ni kesho. Mejumaa alikuwa hajajibu. Saumu alimsihi, mimi nikamsihi, akaniambia:

"Mjomba, kazi yangu mimi ni kusema mpaka nikaaminiwa. Maprofesa waliniamini. Hawa wengine niliwaambia nitarudi, na katika yote niliyoandika hakuna la kweli kushinda hilo. Ndilo walilolikataa. Sasa niwaambie nini?"

Na nje alikuwa hatoki. Kazini aliaga, mahali pake pakapata mtu. Gazi nzima aliiaga. Mtu aliyeagwa kwa mbuzi na kipaza sauti akionekana anakwenda dukani kununua chumvi, atasema nini?

Tena mjue adabu ya watu wa Gazi, maana inaweza kumuua mtu. Kila mtu alijua yumo ndani. Hakuna aliyesema. Ili wasimfedheheshe wakazungumza kana kwamba kaenda kweli. Wakipita chini ya dirisha lake wanapaza sauti kumuuliza Saumu, huyo msafiri wetu hajambo huko? Saumu anajibu hajambo, anawasalimu. Na baridi je? Ataizoea, inshallah. Na msafiri yuko nyuma ya pazia, anasikiliza salamu zake zikipokewa.

Mimi sikuwa bora. Wenzangu wa ufuoni waliniuliza, nikawapa habari za theluji. Nilizitoa vizuri, wallahi, mpaka muuza madafu akajikunyata. Niliporudi kwa Helga sikuisikia hata ladha ya uongo wenyewe. Zamani uongo wangu ulikuwa na utamu wake.

Ikawa hivyo, wiki ikaingia wiki.

Aliyeikata hali hii ni Mama. Mamangu, bibi yake Mejumaa, si mtu wa maneno mengi. Mimi nadhani aliyatoa yote akanipa mimi. Juzi tulikuwa tunakula, sahani ya Mejumaa imepelekwa chumbani kama kawaida, Mama akasema kama anayeomba ndimu:

"Mtoto huyu ameagwa, hajapokewa. Ndiyo maana hana pa kukaa. Mpokeeni."

Saumu akamwambia, "Mama, lakini hakwenda."

"Sikuuliza alikwenda wapi. Nimesema mpokeeni."

Hakuna desturi kama hiyo, nisiwadanganye. Haijawahi kuwako. Maalim Hamisi alipoulizwa alikuna ndevu, akasema kumshukuru Mungu hakuna ubaya wakati wowote, na aliyefika na asiyefika wote wamesalimika.

Nikatumwa mimi kumwambia Mejumaa. Nilisimama nje ya mlango wa chumba, nikaeleza. Nikadhani atalia au atanifukuza. Akauliza pilau itakuwepo? Nikamwambia ipo. Akasema basi sawa.

Leo basi, baada ya sala ya adhuhuri, nilimtoa kwa mlango wa nyuma, tukapita upande wa mikoko pasipo watu mpaka barabara kuu, kwa sababu anayefika lazima afike kutoka mahali. Mimi ndiye niliyebeba sanduku. Nilikuwa nimependekeza aje amepanda Helga, nilikuwa tayari kumtembeza huyo mnyama kutoka Diani. Akasema, "Mjomba, hata uongo una mpaka."

Tukasimama stegi, tukakodi tuktuk iturudishe tulikotoka. Dereva, kijana wa bara, akatutazama mavumbi ya miguuni akauliza si mmetoka huko huko sasa hivi? Nikamwambia ndugu yangu, wewe endesha.

Kabla hajapanda, Mejumaa akafungua sanduku, akalitoa lile koti la Kipolandi, akalivaa juu ya buibui. Jua lilikuwa la kuchemsha mayai. Nikamtazama. Akafunga vifungo mpaka shingoni, kimoja kimoja, jinsi nilivyowahi kumwona akifunga joho lake kabla ya kuingia mahakamani. Mimi sikumuuliza kitu, na wanaonijua watashangaa.

Akina mama walikuwa wamejipanga kuanzia kwenye madrasa. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vya adabu, vya kusaidia shughuli iende. Halafu wakaliona koti. Bi Riziki, yule anayeuza mahamri, alikaa chini kwenye mchanga kwa kucheka. Mwingine akamshika mwenzake. Vigelegele vilivyofuata vilikuwa vya kweli.

"Za huko, Mejumaa?"

"Njema."

"Na baridi?"

"Kali," akasema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Kwani hamnioni?"

Gazi haikuwa imecheka hivyo kwa muda mrefu. Nami nilicheka. Nilisikia sauti yangu ikicheka, kama mtu anavyomsikia jirani ng'ambo ya ukuta.

Maalim akasoma dua. Watu wakala. Kisha, kwa kuwa mtu hatoki safari mikono mitupu, Mejumaa akapiga magoti mbele ya sanduku akaanza kugawa zawadi. Leso. Zile zile walizompa, ila alizichanganya. Ya Bi Riziki ikaenda kwa Bi Mishi, ya Bi Mishi ikaenda kwa mwingine. Kila mmoja aliiona yake ikipita mkononi mwa mwenzake na hakuna aliyeidai. Bi Mishi alikunjua aliyopewa, akasoma maneno yaliyoandikwa chini, akasema, "Ajabu ya Mungu. Kumbe hata huko wanajua Kiswahili."

Mama alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango. Hakuwa amecheka, hakuwa amenuna. Akapiga mkeka kwa kiganja, Mejumaa akaenda akakaa na koti lake, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mama akamfungua kifungo cha juu. Akamfuta shingo kwa ncha ya leso yake. Kisha akamuuliza, mbele ya wote, lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelizunguka.

"Huko mlangoni kwao, walikuuliza nini?"

Saumu akawa anaitazama sufuria.

"Waliniuliza kama nitarudi, Bibi."

"Ukawajibu?"

"Niliwajibu nitarudi. Hawakuniamini."

Mama akafikiri kidogo. Akatazama sanduku lililo wazi, akatazama leso mikononi mwa watu.

"Basi waambie umerudi."

Hakuna aliyecheka. Bi Riziki aliitikia amina, chini chini, kisha wengine.

Midomo ilimcheza Mejumaa mara moja, akaituliza. Halafu akavua koti, akalikunja, akaniomba simu yangu kwa sababu yake ilikuwa imelala bila chaji siku zote hizo, akaenda kukaa kizingitini na kuandika. Haikuwa barua ndefu. Alinipa niisome, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha ngamia: bado anataka, ataomba viza upya, anawashukuru kwa kumngojea. Akaituma. Simu ikatafuta mtandao, ikatafuta, nikaiinua juu ya kichwa changu kama mjinga, ikaenda.

Kisha akamgeukia Maalim, na hapo nikaisikia ile sauti ya Kombani ambayo sikuwa nimeisikia tangu aache kazi. Akamuuliza ni wazee gani wa ukoo wanaoijua mipaka ya shamba, na nani kati yao atakubali kula kiapo kwamba yeye ana fungu lake humo kupitia kwa mamake. Maalim akaanza kutaja majina. Bi Mishi akasema na yeye aandikwe, ile mikorosho ya mpakani ilipandwa yeye akiangalia. Nikasema mimi ndiye mjomba, jina langu litangulie.

"Wewe utakuwa wa mwisho, Mjomba," akasema. "Shahidi anayesema sana huiharibu kesi."

Watu wakacheka tena. Nikaona Saumu anafuta macho, akisingizia moshi.

Sijidanganyi. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kiapo cha wazee si hati ya shamba, na huko kwenye dirisha la viza wanaweza kukitazama wasikione, na pengo hilo ndilo anataka kwenda kulisomea. Anaweza kukataliwa tena kwa maneno yale yale. Alinieleza haya bila kuzungusha, kama anavyowaeleza wateja wake, na nilimshukuru kwa hilo. Mimi mtu mzima wa hotuba, nilihitaji mtu aniambie neno lisilo na kipaza sauti.

Sasa wageni wamekwenda. Mejumaa yuko nje na mamake, wanasugua sufuria ya pilau kwa mchanga, mahali ambapo kila anayepita njia anamwona. Wanapita, wanamsalimu. Yeye mwenyewe, si kupitia kwa Saumu. Anaitikia.

Koti nimelianika kwenye kamba. Nilipolishika lilikuwa limelowa, zito, linanuka jasho na karafuu. Nikasimama nalo pale nikidhani sasa kitakuja. Kimekuja kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi. Kinachoma. Sijui kama ndicho nilichokuwa nakingoja, au kuna kingine nyuma yake.

Kabla hajachukua sufuria aliniambia mwakani, Mungu akipenda, atakuja kuniomba radhi upya. Nikamwambia mara hii sitoi mpaka niuone muhuri kwa macho yangu. Uongo. Nimeshaitoa, hapa, sasa hivi, bila mbuzi.

Kesho nitakuwa ufuoni na Helga, na mtalii mmoja, hawakosi, ataniuliza kama nimewahi kufika kwao. Nitamwambia mimi bado. Lakini mpwa wangu ameshakwenda, na amerudi.